UZI: Mapambo ya ndani kwa nyumba za Mtwara na Lindi: kipi kinadumu kwenye joto na chumvi, kipi kinabanduka mapema

ShanganiPwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Picha za Pinterest na Instagram zinafika Mtwara kabla ya vifaa, na vifaa vikifika vinabandikwa tu ukutani, hakuna anayeuliza ukuta wenyewe una hali gani. Naomba mafundi wa kusini tuweke mambo hapa kwa vipimo.

Kinachotamba sasa mnakijua. Kijivu kimepoa, watu wamerudi kwenye rangi za udongo, kahawia, kahawa ya maziwa, mchanga (Pantone wenyewe, kampuni ya viwango vya rangi, waliitangaza Mocha Mousse kuwa rangi ya mwaka 2025). Halafu kuna paneli za mistari nyuma ya runinga, kuta zenye mawingumawingu ya chokaa, taa zilizofichwa kwenye dari, vidaka vya upinde (vishimo vya rafu ukutani), sakafu ya saruji iliyong'arishwa, na vitu vya kusuka: mikeka, vikapu, vivuli vya taa vya ukindu. Mengi ya hayo si mageni Pwani, Mikindani na Kilwa yalikuwepo kabla hayajaitwa fasheni.

Tuchukue sebule moja ya mfano ili hesabu zetu zilingane: mita 4.8 kwa 4.2, ukuta mita 3 kwenda juu, tofali za inchi 6, bati juu, dirisha moja linatazama magharibi. Nyumba iko karibu na bahari. Kila fundi atoe la kwake.

---

FundiLipu_Chuno

Mkuu, naanza na kitu ambacho hakipigwi picha. Kabla hujanunua chochote, bandika kipande cha nailoni nyeupe sm 50 kwa 50 ukutani, ziba pande zote nne kwa selotepu pana, kiache siku mbili. Kimoja chini karibu na sakafu, kingine usawa wa kifua. Ukikuta matone ndani ya nailoni, ukuta una maji na bado si wa kupambwa. Cha chini kikiwa na matone na cha juu kikavu, maji yanapanda kutoka ardhini, maana yake msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu au ilitoboka wakati wa kujaza kifusi. Vyote vikiwa na matone, tafuta bomba linalovuja au nyufa za nje zinazopitisha mvua.

La pili ni ule unga mweupe unaotoka ukutani kama majivu. Hiyo ni chumvi. Inatoka kwenye mchanga wa ufukweni, kwenye maji ya kisima chenye chumvi yaliyochanganyia zege, au kwenye ardhi yenyewe. Maji yakipanda yanaibeba, yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki na kukua chini ya rangi mpaka rangi inafura na kudondoka. Sasa hapa ndipo wengi wanaharibu: wanaosha ukuta kwa maji. Maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, wiki mbili baadaye imetoka tena. Tumia brashi kavu ngumu, pangusa, zoa unga wote utoke nje ya nyumba, rudia mpaka uishe.

Ukuta ukiwa umeoza plasta, bandua yote mpaka sm 50 juu ya pale alama ya unyevu inapoishia. Piga plasta mpya ya saruji ndoo 1, chokaa ndoo 1, mchanga wa mto au wa shimo ndoo 6. Unene mm 15. Usiongeze saruji ukidhani unaimarisha. Plasta ngumu mno haipumui, unyevu unaukwepa upande huo na kutokea juu zaidi au chumba cha pili. Mwagilia siku tatu nne za mwanzo, halafu iache ikauke wiki nne ndipo upake rangi. Msimu wa mvua ongeza.

Rangi ya mafuta kwenye ukuta wa namna hiyo ni kosa, na marumaru pia ni kosa. Vyote vinaziba pumzi.

---

Nachingwea_Kwetu

Sisi huku bara hatuna bahari, hilo la chumvi si la kwetu basi?

---

FundiLipu_Chuno

Ni la kwenu pia, kaka. Ardhi nayo ina chumvi, na nyumba isiyo na nailoni kwenye msingi inapandisha maji popote ilipo. Mlichopunguziwa ni hewa ya chumvi inayokula misumari. Na huko mchwa ndio balozi wa nyumba kumi, Seremala atakuja kulisema.

---

PaneliMjini

Naona paneli zimeanza kupigwa mawe kabla hazijafika. Zikifungwa vizuri hazina ubaya, shida ni mafundi wa kubandika gundi na kukimbia.

Kwa ukuta wa runinga wa mfano wetu, tuseme unafunika upana wa mita 3.2. Paneli za mistari nyingi zina upana wa sm 16 na urefu wa mita 2.9. Gawa 320 kwa 16 unapata 20, nunua 21 maana moja itaharibika kwenye kukata. Pima upana ulioandikwa ni wa juu juu au ni ule unaobaki baada ya ulimi kuingia kwenye mfereji, maana tofauti ya nusu sentimita kwa paneli ishirini ni sm 10 nzima.

Ukuta wako ni mita 3, paneli ni 2.9. Usiunge kipande cha sm 10 juu, kitaonekana milele. Weka kiunzi cha chini, mbao au alumini ya sm 9.5, paneli zisimame juu yake. Hapo hata maji ya kupiga deki hayazifikii.

Nyuma weka mabamba ya mbao iliyotiwa dawa, inchi 1 kwa 2, yakilala, kila baada ya sm 40. Yafunge kwa skrubu za zinki na plagi za mm 8. Usilaze bamba kutoka kona hadi kona, acha nafasi za sm 5 hapa na pale hewa ipande kutoka chini hadi juu. Juu ya paneli acha upenyo wa mm 5, ufunike na mkanda wa pembeni usiozibwa kwa silikoni. Plastiki inatanuka kwa joto, ukiibana juu na chini itavimba katikati saa nane mchana.

---

FundiLipu_Chuno

Hapo kwenye mabamba na upenyo nakubaliana nawe. Sikubaliani na paneli kwenye ukuta ulioshindwa jaribio la nailoni, hata uache upenyo wa kupita mkono. Na zile shiti kubwa za mfano wa marumaru, za mm 3, zinabandikwa kwa gundi moja kwa moja, hazina mabamba wala hewa. Nyuma yake kuvu inaota, mwenye nyumba anasikia harufu tu hajui inatoka wapi.

---

PaneliMjini

Za mm 3 sizitetei kwa pwani, nakuachia hiyo. Na usiweke paneli ya plastiki ukuta wa jua la magharibi wala nyuma ya jiko. Inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na mvuke wa sufuria hauko mbali na hapo.

---

BiChokaa_Mikindani

Wanangu, mnaonunua rangi ya bei mbaya iliyoandikwa "mwonekano wa chokaa", chokaa yenyewe ipo na inapakwa vilevile. Kwa ukuta wa pwani ndiyo yenye akili, maana inaacha unyevu utoke.

Chukua chokaa iliyozimwa, loweka kwenye pipa la plastiki, maji yawe juu ya chokaa kwa sm 5, funika. Wiki mbili ni kidogo, mwezi ni vizuri. Inakuwa laini kama maziwa ya mgando. Kupaka, chota sehemu 1 ya hiyo kwa sehemu 3 za maji, koroga, chuja kwa kitambaa cha chandarua. Ikionekana nyepesi mno ujue ndiyo yenyewe. Mipako minne au mitano myepesi, si miwili mizito. Mipako mizito inapasuka na kuacha unga kwenye mgongo wa kila anayeegemea.

Kabla ya kila mpako nyunyizia ukuta maji, uwe na ubaridi lakini usitiririke. Subiri siku nzima kati ya mpako na mpako. Tumia brashi pana ya katani, vuta mkono kwa kupishana, huku na huku, siyo mistari iliyonyooka. Mawingu yanatoka kwenye kupishana huko. Rola haitoi kitu hicho.

Rangi ni oksaidi, ileile ya sakafu, nyekundu, njano, kahawia. Pima kwa uzito, isizidi gramu 50 kwa kila kilo ya chokaa laini. Ikorogee kwanza kwenye maji ya moto ndipo uitie, vinginevyo utaona michirizi myekundu. Ikikauka inapauka sana, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha tofali na usubiri mpaka kesho yake. Rangi ya ukuta wote uichanganye siku moja kwenye pipa moja, ya siku ya pili haitalingana.

Kuna wanaoongeza chumvi ya jikoni ili ishike. Huku kwetu msifanye hivyo. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, ukuta utatoa jasho usiku. Na chokaa haishiki juu ya rangi ya plastiki au ya mafuta, lazima ikwanguliwe ifikie plasta. Vaeni miwani na glavu, ikiingia jichoni inaunguza. Ni maji mengi mara moja, kisha hospitali.

Juu ya vidaka, nyumba za zamani zilikuwa navyo kwa sababu ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unafika nusu mita kwa unene. Ukitazama magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingia urithi wa dunia mwaka 1981, utaona vilivyopangwa kwa ustadi. Ukuta wako wa inchi 6 hauna pa kuchimba.

---

ShanganiPwani

Bibi, shikamoo. Sasa anayetaka kidaka kwenye ukuta wa inchi 6 afanyeje?

---

BiChokaa_Mikindani

Marahaba mwanangu. Asichimbe zaidi ya sm 5, na asichimbe kabisa chini ya linta au karibu na kona. Ajenge kifua mbele ya ukuta, cha sm 22 hadi 25, kwa tofali nyembamba au fremu na bodi ya jipsamu, kisha upinde ukatwe humo. Upinde wa sebule usiwe mwembamba, sm 45 upana kwa sm 90 urefu unapendeza, chini uwe usawa wa kiuno. Viwe vitatu au kimoja. Viwili vinakutumbulia macho.

---

UmemeNdani

Mimi ni taa. Kwa mfano wetu, tuseme dari ina kingo iliyoingia ndani sm 30 kila upande. Mzunguko wa mkanda ni 2 × (4.2 + 3.6), yaani mita 15.6. Mkanda wa wastani unakula wati 9.6 kwa mita, jumla kama wati 150. Usinunue transfoma ya 150. Gawa kwa 0.8, unapata 187, kwa hiyo chukua ya 200 au mbili za 100. Transfoma inayofanya kazi ukingoni inachemka, na dari ya bati la Mtwara saa tisa mchana tayari ni tanuri.

Chagua mkanda wa volti 24, siyo 12. Kwa volti 12 umeme unaishiwa nguvu njiani, mwisho wa mkanda unaona mwanga umefifia na kuwa na unjano. Hata kwa 24 usiunge roli tatu kwa mfululizo. Kila roli ya mita 5 ipate waya wake kutoka kwenye transfoma, waya wa mm 1.5. Transfoma iwe mahali mkono unafika, kwenye kidirisha cha dari au juu ya kabati, siyo kuzikwa kwenye jipsamu. Siku ikifa utabomoa dari kwa ajili ya kifaa cha ukubwa wa kiganja.

Mikanda ya volti 220 ya roli ya mita 50 ni rahisi, ndiyo inayouzwa sana. Inamemeta, jicho linachoka bila mtu kujua sababu, na maungio yakipata unyevu yana umeme kamili. Kwa sebule siishauri.

Mwanga wa sebule na chumbani ni 3000K, wa unjano (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Ule mweupe wa 6500K unaua rangi zote za udongo mlizozitaja, kahawia inageuka tope. Jikoni 4000K inatosha. Nunua roli zote siku moja, boksi moja, maana 3000K ya boksi hili na ya lile hazifanani. Pwani chukua mkanda uliofunikwa silikoni, wa wazi shaba yake inaota ukijani.

---

DariSafi_Lindi

Naongezea hapo kwenye dari. Eneo ni mita za mraba 20.16. Bodi moja ya jipsamu ya 1.2 × 2.4 ni 2.88, kwa hiyo 7 kamili, chukua 8. Ukiongeza kingo za taa, 10 au 11 kutegemea mchoro. Skrubu za mm 25, kila sm 15 pembeni ya bodi na sm 20 katikati. Kichwa cha skrubu kizame kidogo bila kuchana karatasi. Kikichana karatasi hakijashika kitu, toa, piga nyingine sm 5 pembeni.

Fremu iwe kila sm 40. Wanaoweka sm 60 wanaokoa hela ya mbao mbili tatu, halafu dari inaanza kulegea katikati ya bodi ikinyonya unyevu wa masika. Kwa mbao, 2 kwa 2 iliyokauka na kutiwa dawa. Kwa chuma, angalia zinki isiwe imekwanguka kwenye miisho, paka rangi ya kuzuia kutu kila unapokata. Bodi zipishane kama tofali, maungio manne yasikutane sehemu moja, hapo ndipo ufa unapoanzia. Tepu ya nyuzi kwanza, kisha poda mipako mitatu, kila mmoja mpana kuliko wa kwanza. Bafuni na jikoni ni bodi ya kijani, ile ya kuhimili unyevu.

Joto sasa. Watu wanashusha dari ngazi tatu mpaka mita 2.4 wanapata kitako cha sufuria. Kwa nyumba ya bati sehemu ya chini kabisa isishuke chini ya mita 2.7. Chini ya bati weka karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto, na acha matundu ya hewa yenye wavu kwenye kingo za paa, la sivyo joto linashuka usiku wakati nje kumepoa.

Pangaboi halining'inizwi kwenye jipsamu wala fremu yake. Ndoano ifungwe kwenye mbao ya 2 kwa 4 iliyopigiliwa kwenye kenchi, kabla bodi haijafungwa. Mapanga yawe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni na sm 25 hadi 30 chini ya dari. Na zile taa za duara msizipange juu ya mapanga, kivuli kinakatakata chumba kizima. Zisogeze zikae nje ya duara la mapanga kwa sm 30.

---

Nachingwea_Kwetu

Fundi, jipsamu si inachimbwa hapahapa Kilwa? Mbona bodi bei juu?

---

DariSafi_Lindi

Kilwa yanachimbwa mawe yake, mkuu, bodi ni kiwanda. Mawe hayo mengi yanaenda kwenye saruji.

---

Seremala_Masasi

Kabati la runinga la bodi ya unga wa mbao ndilo linalokufa kwanza. Linafura chini, pale deki inapogusa. Ukiwa huna budi kulitumia, liinue kwa miguu ya sm 10, ziba kingo zote kwa mkanda, hata zile za nyuma na chini ambazo fundi anaziacha wazi kwa kuwa hazionekani, na liache sm 3 kutoka ukutani. Ukiwa na hela kidogo zaidi, plaiwudi ya maji ya mm 18.

Mbao halisi ni mninga na mkongo, mchwa hawazipendi. Paini ni ya dawa tu. Mnazi nao ni mbao nzuri, usiudharau, ila chagua. Ugumu uko pembezoni mwa gogo na chini, karibu na shina. Katikati ni nyuzi laini, skrubu haishiki. Mnazi mzee uliokwisha kuzaa ndio wa kupasua, na msumeno wa kawaida utaufanya butu kwa dakika chache, tumia meno ya kabaidi. Ukiupiga randa na mafuta ya kitani unatoa madoadoa meusi ambayo hakuna paneli ya plastiki inayoyafikia.

Mbao iliyokaushwa Masasi ikishuka Mtwara mjini inanyonya unyevu na kupanuka. Ilaze ndani ya nyumba itakayokaa, juu ya vijiti, wiki mbili kabla ya kuikata. Droo ziache mm 3 kila upande. Zinazobana Februari ni zile zilizopimwa Septemba.

Nunueni mbao yenye hati ya kusafirishia. Kilwa kuna misitu ya vijiji iliyopata cheti cha FSC (cha kimataifa cha utunzaji wa misitu) mwaka 2009, kwa hiyo mpingo na mninga wa halali haujawahi kuwa hadithi ya mbali.

---

Mtanda_Mama

Naomba msaada wa sakafu. Niru ya rangi (ile saruji iliyong'arishwa) au marumaru?

---

FundiLipu_Chuno

Dada, niru ni poa miguuni na saruji inatengenezwa Mtwara hapa. Oksaidi isizidi kilo 2.5 kwa mfuko wa kilo 50, ikizidi sakafu inakuwa dhaifu na inachubuka. Gawa sakafu kwa vipande vya alumini kila mita 1.2, nyufa zifuate mistari badala ya kujichorea. Nyunyizia maji siku saba chini ya magunia. Nta ya kwanza baada ya mwezi. Kama chumba kimeshindwa jaribio la nailoni, niru itapauka kwa chumvi, lakini marumaru itainuka.

---

ShanganiPwani

Bado kitu kimoja, vinyago. Kila nyumba inataka kinyago cha Kimakonde, na nusu ya vinavyouzwa kuwa mpingo vimepakwa kiwi.

---

Seremala_Masasi

Geuza kitako juu. Kwangua kidogo kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana. Mpingo ni mweusi wa kahawia mpaka ndani, cha kiwi kinatoa unga mweupe au mwekundu. Vipande vingi vya kweli vina sehemu ya njano-nyeupe pembeni, ndiyo mbao ya nje ya mti, wala si kasoro. Uzito nao unasema, mpingo unazama majini. Kinyago cha ujazo wa lita 5 ni kilo 6 hivi, rafu ya jipsamu haikibebi. Kiweke sakafuni au kwenye kidaka cha tofali.

Cha kutundika ukutani ni mapiko, kinyago cha ngoma za Kimakonde, maana kwa kawaida huchongwa kwa mti mwepesi, kinavaliwa kichwani. Hicho angalia matundu madogo yenye unga mpya chini yake. Ukiuona, wadudu wamo, funga ndani ya nailoni uweke kwenye friza wiki mbili kabla hujakiingiza sebuleni.

Mpingo usikae mbele ya kiyoyozi wala kwenye jua la dirisha la magharibi, unapasuka kwa urefu. Futa kwa kitambaa kikavu, paka nta ya nyuki mara mbili kwa mwaka. Vanishi usiguse.

---

UmemeNdani

Na kama unakiwekea taa, iwe ya nyuzi 30 kutoka juu, 3000K, wati 5 inatosha. Mbao nyeusi ikimulikwa kutoka mbele haionyeshi michongo, imulike kutoka juu kwa ubavuni.